Oltaneta mbili, tatizo lile lile: tupime kwanza ndipo tununue

NYUMBA NA CHOMBO



Ndugu wasomaji, barua tunayoijibu wiki hii imetoka Ujiji. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne ambaye mumewe husafiri kikazi kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo gari la nyumbani liko chini ya uangalizi wake. Ni gari dogo la familia lililotoka Japani, la miaka ya 2010. Asubuhi hupeleka watoto shule, na kila mwezi humpeleka mama mkwe wake kliniki katika Hospitali ya Maweni.

Anaeleza kwamba gari lilianza kwa kuwaka kwa uvivu, stata ikizunguka kama mtu aliyechoka. Akashauriwa kununua betri mpya, akanunua. Baada ya wiki tatu betri hiyo nayo ikalala. Fundi akaleta mita, akapima injini ikiwa inaunguruma, akasoma volti 12.8, akatoa hukumu kwamba oltaneta imekufa. Ikaagizwa oltaneta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, ikafungwa. Mita ikasoma 12.8. Muuzaji akasema kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi. Ikaagizwa ya pili, na mita ikasoma 12.8 vile vile. Fedha iliyokwenda huko ni ile iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ada ya muhula. Kisha usiku mmoja mama mkwe akabanwa na kifua, gari likakataa kuwaka, na mgonjwa akafikishwa hospitali kwa bajaji iliyotafutwa kwa taabu.

"Sasa ninaambiwa ninunue kontrol boksi," anaandika dada yetu. "Je, ninunue?"

Jibu letu kwake lilikuwa fupi: asinunue kitu chochote hadi vipimo vinne vifanyike na namba zake ziandikwe kwenye daftari. Alifanya hivyo, na matokeo yake tutayaeleza hapa chini. Kwa kuwa magari ya namna hii yamejaa katika mitaa yetu, kuanzia Gungu hadi Kibirizi, tumeona jibu hili liwafae wote.

Volti 12.8: ni afya au ni ugonjwa?

Kwa miaka mingi mafundi wetu walijifunza kanuni moja, nayo ilikuwa sahihi kwa magari ya wakati wake. Injini ikiwaka, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo, oltaneta haichaji. Katika magari hayo, kidhibiti cha volti kilikuwa ndani ya oltaneta yenyewe au pembeni yake, na kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kushikilia volti mahali pamoja, betri iwe na njaa au iwe imeshiba.

Magari mengi yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 2000 na kuendelea hayafuati tena kanuni hiyo. Oltaneta huzungushwa na injini, na kuizungusha hula mafuta. Watengenezaji walipotaka kupunguza ulaji wa mafuta, walimpa kazi ya uamuzi mtu wa tatu, yaani kompyuta ya gari, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Kompyuta hupewa taarifa na sensa ndogo iliyofungwa kwenye waya wa hasi wa betri, ambayo hupima kiasi cha umeme kinachoingia na kutoka, na mara nyingi hupima pia joto la betri. Kompyuta huangalia vilevile kama taa zimewashwa, kama kiyoyozi kinafanya kazi, na kama dereva anakanyaga mafuta au ameachia. Ndipo huiamuru oltaneta itoe kiasi gani.

Wasomaji wenye umeme wa jua nyumbani watalielewa jambo hili upesi. Kontrola ya sola haimwagi umeme kwenye betri kutwa nzima kwa nguvu ile ile. Betri ikiwa imeisha, huisukumia kwa nguvu. Ikikaribia kujaa, hupunguza. Ikijaa, huilinda kwa kiasi kidogo tu. Mtu akija saa tisa alasiri akakuta namba ndogo kwenye kontrola, hawezi kusema paneli imekufa. Huenda betri imeshiba.

Ndivyo ilivyo kwa gari. Betri ikiwa imejaa, taa zimezimwa, na gari liko katika mwendo wa kawaida, kompyuta yaweza kuiacha oltaneta ipumzike na mita ikasoma volti 12.6 au 12.8, na gari likawa na afya kamili. Dereva akiachia mafuta kwenye mteremko, kwa mfano kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli, kompyuta huona fursa ya kuchaji bila kuunguza mafuta, na volti hupanda kupita 14. Kwa hiyo namba ile moja, 12.8, yaweza kuwa dalili ya afya na yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Anayetoa hukumu kwa namba moja, bila kuuliza gari lilikuwa katika hali gani, anabahatisha, hata kama ana mita nzuri mkononi.

Watengenezaji hawafanani

Kabla ya kuingia katika vipimo, ni vyema kujua kwamba kila mtengenezaji ana njia yake. Honda nyingi hutumia ngazi mbili, ya chini karibu na volti 12.5 na ya juu karibu na 14.5, na kompyuta huchagua kwa kuangalia mzigo wa umeme. Katika Nissan nyingi, kompyuta hutuma amri kwa oltaneta kwa njia ya mapigo ya umeme. Amri hiyo ikikatika, oltaneta hurudi kwenye kidhibiti chake cha ndani na kuchaji kwa kawaida. Katika Mazda kadhaa mambo ni kinyume chake: oltaneta haina kidhibiti cha ndani, kompyuta ndiyo inayoiendesha moja kwa moja, na waya wake ukikatika oltaneta hunyamaza kabisa hata kama ni mpya kutoka kiwandani.

Maana yake ni kwamba tendo lile lile la kuchomoa soketi ya oltaneta laweza kurudisha chaji kwenye gari moja na kuiondoa kabisa kwenye jingine. Fundi anayejua aina moja tu atapotea akikutana na nyingine. Si aibu kuuliza, kwani wahenga wametuambia kuuliza si ujinga.

Na wenye magari ya haiburidi, kama Prius na Aqua, wajue kwamba magari yao hayana oltaneta. Betri yao ndogo ya volti 12 huchajiwa na kifaa kinachoshusha umeme kutoka betri kubwa. Nyaya za rangi ya machungwa katika magari hayo hubeba umeme unaoweza kuua, na hazipaswi kuguswa na mtu asiyefundishwa.

Vipimo vinne

Vipimo hivi havihitaji mashine kubwa. Vinahitaji mita ya kawaida inayosoma volti, dakika arobaini za subira, na mtu wa kuandika namba.

Kipimo cha kwanza ni cha betri iliyopumzika. Gari lilale usiku kucha likiwa limezimwa, na asubuhi mita iwekwe kwenye nguzo mbili za betri kabla mlango haujafunguliwa kwa muda mrefu au swichi haijawashwa. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Ikisoma 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Kisha mtu mmoja awashe stata huku mwingine akiangalia mita. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 stata ikizunguka. Ikiwa ilikuwa 12.6 kisha ikaporomoka hadi 8, betri yenyewe ni mbovu, na kupima oltaneta kabla ya kuishughulikia ni kupoteza muda. Oltaneta hailazimiki kufufua maiti.

Kipimo cha pili ni cha injini ikiwaka, na kifanyike katika hali tatu. Hali ya kwanza, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kile mafundi wanachokiita sailensa, na kila kitu kimezimwa: andika namba, lakini usiihukumu bado. Hali ya pili, washa taa kubwa, feni ya ndani hadi mwisho, kiyoyozi, na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Sasa kompyuta imeona mzigo na inapaswa kuiamuru oltaneta ifanye kazi. Katika gari zima, volti kwenye betri hupanda na kukaa juu ya 13.5, mara nyingi karibu na 14. Hali ya tatu, kwa gari lenye betri iliyojaa, ni barabarani. Abiria ashike mita iliyounganishwa vizuri na aangalie dereva anapoachia mafuta mteremkoni. Namba ikipanda na kushuka kwa utaratibu kufuatana na mguu wa dereva, kompyuta na oltaneta wanasikilizana.

Wakati mzigo umewashwa, fundi ageuze mita isome volti za umeme wa kwenda na kurudi, kama ule wa majumbani. Kwenye betri isizidi nusu volti. Ikizidi, ni dalili kwamba dayodi ndani ya oltaneta imeungua, na umeme mchafu unapita. Hilo huwatia wazimu sensa na kompyuta, hata pale ambapo volti ya kawaida inaonekana nzuri.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho kilichomwokoa dada yetu. Ni kipimo cha umeme unaopotea njiani. Oltaneta yaweza kutengeneza umeme wote unaotakiwa na betri isiupate, kama vile tangi lililojaa mlimani lisivyofaa kitu iwapo bomba limeziba njiani. Mzigo ukiwa bado umewashwa, waya mmoja wa mita uwekwe kwenye nguzo nene ya kutolea umeme nyuma ya oltaneta, na mwingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Mita isome sifuri nukta mbili au chini yake. Kisha waya mmoja uwekwe kwenye chuma cha mwili wa oltaneta, na mwingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Hapo pia isizidi 0.2. Namba kubwa zaidi ya hizo ina maana moja: kati ya sehemu hizo mbili kuna kutu, bolti iliyolegea, waya uliooza ndani ya ganda lake, au fyuzi kubwa iliyoungua nusu.

Kipimo cha nne ni cha umeme unaovuja gari likiwa limelala. Mita ya ampea ifungwe kati ya nguzo ya hasi na waya wake, milango ifungwe, ufunguo uwekwe mbali. Magari ya kompyuta hayalali mara moja. Huchukua dakika ishirini, pengine arobaini, kabla kompyuta zote hazijasinzia. Baada ya hapo, umeme unaotoka usizidi miliampea 50. Ukizidi sana, fyuzi zichomolewe moja moja hadi namba ishuke, na mwizi atakuwa amejulikana. Mara nyingi huwa ni redio iliyofungwa vibaya, king'amuzi cha kufuatilia gari, au taa ya buti isiyozimika. Na kwa hali yoyote stata isiwashwe mita ikiwa imefungwa hapo, maana mita itaungua.

Daftari la dada yetu

Dada yetu alimpata fundi mwingine, akampa orodha hii, akaketi naye na kuandika kila namba. Barua yake ya pili ilikuwa na mistari michache tu, lakini ilisema kila kitu.

Betri ikiwa imelala ilisoma 12.2, yaani nusu. Stata ikizunguka, betri yenyewe haikushuka sana, ilhali stata ilizunguka kwa uvivu. Injini ikiwaka bila mzigo, 12.8. Na mzigo ukiwa umewashwa, 12.8 pia, haikupanda. Hadi hapo, mtu angeweza kusema tena kwamba oltaneta ni mbovu. Lakini fundi alipoweka mita kwenye nguzo ya oltaneta na mwili wa oltaneta yenyewe, mita ilisoma 14.1. Oltaneta ilikuwa inachaji. Ilitii amri ya kompyuta kama ilivyotakiwa. Kati ya 14.1 iliyotoka na 12.8 iliyofika, volti 1.3 zilikuwa zimepotea njiani.

Upande wa chanya ulipoteza 0.1, ambayo ni halali. Upande wa hasi ulipoteza 1.2. Hesabu ilifunga: 12.8, jumlisha 0.1, jumlisha 1.2, ni 14.1. Hakukuwa na haja ya kubahatisha tena. Fundi akafuata nyaya za ethi, akaufikia ule unaounganisha injini na bodi. Bolti yake ilikuwa imefungwa juu ya rangi iliyopulizwa gari lilipofanyiwa kazi ya bodi, na chini ya rangi kutu ilikuwa imeshika. Akakwangua hadi chuma kikang'aa, akafunga waya mpya mnene, akapaka grisi juu yake kuzuia unyevu. Upotevu ukashuka hadi 0.1, na betri ikapokea 13.9 mzigo ukiwa umewashwa. Stata ikapata nguvu siku hiyo hiyo.

Tazameni jinsi dalili zote zinavyokubaliana sasa. Stata na oltaneta zote mbili zimefungwa kwenye injini, na zote mbili hutumia njia ile ile ya ethi. Njia hiyo ikiziba, stata huzunguka kwa uvivu ingawa betri ni mpya, na betri hudhoofika ingawa oltaneta ni nzima. Dalili ya mvua ni mawingu: ule uvivu wa stata wa siku ya kwanza ulikuwa umeeleza kisa chote. Na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja, kwa sababu taa ile hulalamika oltaneta isipozalisha. Umeme ukizalishwa ukapotea njiani, taa hunyamaza.

Oltaneta yake ya asili bado iko stoo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba ilikuwa mbovu, na tumemshauri aitunze.

Mashine ya kusomea kompyuta

Wasomaji wengi huuliza kama mashine ya kusoma makosa ya kompyuta haiwezi kumaliza kazi hii kwa dakika moja. Inasaidia, lakini haimalizi. Chini ya dashibodi kuna soketi yenye matundu 16, ambayo Marekani ililazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996 na baadaye ikaenea duniani. Mashine ikichomekwa hapo husoma namba za makosa. P0562 ina maana kompyuta imeona volti ndogo. P0563, volti imezidi. P0620 inahusu njia ya amri kati ya kompyuta na oltaneta. Katika Nissan, namba za P1550 hadi P1554 zinahusu sensa ile ya umeme kwenye betri.

Lakini namba hizi zinataja mahali pa kuanzia uchunguzi. P0562 haisemi "nunua oltaneta." Inasema kompyuta imeona volti ndogo, na sababu yaweza kuwa oltaneta, mkanda unaoteleza, betri iliyochoka, au bolti ya ethi yenye kutu. Hali kadhalika, vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu havizungumzi na kila gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya zamani kidogo. Kifaa kikikataa kusoma, hiyo si hoja ya kununua kontrol boksi. Na kontrol boksi ndiyo iwe ya mwisho kabisa kushukiwa, kwa kuwa huharibika mara chache kuliko nyaya zinazoilisha, na ya mtumba mara nyingi haikubali ufunguo wa gari jingine hadi ifanyiwe kazi ya ziada.

Mambo ya kuepuka

Liko jaribio la kale ambalo bado linafanywa katika gereji nyingi: injini ikiwaka, fundi huchomoa waya wa betri ili aone kama gari litazima. Jaribio hili lilizaliwa zama za dainamo. Katika gari la kompyuta ni hatari kubwa. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiiondoa ghafla oltaneta ikiwa inachaji kwa nguvu, volti yaweza kuruka hadi makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta, redio na dayodi zikaungua pamoja. Mwenye gari akimwona fundi ananyoosha mkono kwenye waya wa betri injini ikiwaka, ana haki ya kumzuia kwa upole.

La pili ni kufunga vitu vya ziada moja kwa moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, kama vile mziki mkubwa, taa za ziada, au inveta ya kuchajia simu. Sensa huhesabu umeme unaopita katika waya wa hasi. Kifaa kilichofungwa kwenye nguzo yenyewe, mbele ya sensa, hula umeme bila kuhesabiwa, na kompyuta hudhani betri imeshiba ilhali inaliwa. Ethi ya vifaa hivyo ifungwe kwenye bodi. Vivyo hivyo wakati wa kubusti gari: kibano cheusi kifungwe kwenye chuma cha bodi au cha injini, mbali na betri. Hiyo ni salama pia kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kuwaka kwa cheche.

La tatu ni kuchomelea bodi bila kutoa nyaya za betri. La nne ni kuosha injini kwa maji ya presha na kuyaelekeza kwenye oltaneta na soketi zake. La tano ni kununua betri kwa kuangalia bei tu. Magari haya huijaza na kuitumia betri mara nyingi zaidi kuliko magari ya kale, hivyo betri dhaifu huchoka mapema. Soma maandishi ya betri iliyokuja na gari. Katika alama kama 46B24L, namba ya mwanzo inaonyesha uwezo, na ile 24 ni urefu kwa sentimita. Usiweke yenye uwezo mdogo kuliko ile ya asili.

Tulipie kipimo

Mwisho, tuzungumze kuhusu haki. Ni rahisi kumlaumu fundi wa kwanza, lakini tujitazame na sisi. Katika mji wetu tumezoea kulipia kifaa, hatujazoea kulipia kipimo. Fundi akitumia saa moja kupima na kugundua bolti yenye kutu, mwenye gari husema, "Umekaza bolti tu, nikulipe nini?" Akibadilisha oltaneta kwa nusu saa, hulipwa bila ubishi. Tukiendelea hivi, tunamfundisha fundi kwamba riziki yake imo katika kubadilisha vifaa wala si katika kutafuta ukweli.

Ujira wa aliyepima ni haki yake, hata asipouza kitu. Naye fundi, gari lililo mikononi mwake ni amana. Asitaje ubaya wa kifaa hadi awe na namba ya kuuthibitisha, na namba hiyo amwonyeshe mwenyewe. Mapatano yawe wazi kabla ya kazi: kiasi fulani kwa kupima, na kazi nyingine ijadiliwe baada ya matokeo. Kwa familia ya Kigoma, ambako kifaa husubiriwa kutoka Dar es Salaam na hakirudishwi, ujira wa saa moja ya kupima ni mdogo mno ukilinganisha na oltaneta mbili zisizohitajika.

Kwa hiyo, wenye magari, wekeni daftari ndani ya gari. Andikeni volti ya betri asubuhi, volti injini ikiwaka bila mzigo, na volti ikiwa na mzigo, leo hii gari likiwa zima. Siku litakapougua, fundi atakuwa na kitu cha kulinganishia, nanyi mtakuwa na swali la kumuuliza kabla hamjatoa fedha: "Umepima wapi, na umesoma ngapi?"

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutajibu maswali ya wasomaji kuhusu breki katika barabara za milima. Wabillahi tawfiq.